Mzazi, usimharakishe mwanao kuwa kapteni wa ndege

Kijana amerudi nyumbani kwa mapumziko ya siku tatu. Sare yake imetundikwa nyuma ya mlango, na mabegani ina mistari mitatu ya dhahabu. Kabla hajamaliza chai, shangazi anauliza swali ambalo wote sebuleni walikuwa nalo: “Mwanangu, huo mstari wa nne unakuja lini?”

Watu wanacheka. Kijana naye anacheka, kisha anainamia kikombe chake.

Swali la shangazi halina ubaya. Kumsomesha rubani ni gharama kubwa. Wapo wazazi waliouza viwanja, waliokopa na waliochangishana na ukoo mzima, na sasa wanataka kuona matunda. Lakini kwa wale wenye jukumu la kumpandisha cheo kijana huyu, swali ni jingine kabisa: siku mambo yakiharibika angani, usiku, mvua inanyesha na abiria zaidi ya 100 wamekaa nyuma, je, huyu ndiye awe na neno la mwisho?

Mzazi akijua jibu la swali hilo linavyotafutwa, anaweza kumsaidia mwanawe. Au angalau ataacha kumwongezea mzigo.

Msaidizi si utingo

Wengi hudhani rubani msaidizi ni kama utingo wa lori, kazi yake ni kushika hiki na kupokea kile. Sivyo. Wote wawili ni marubani wenye leseni, na kwa kawaida hupokezana. Mmoja akirusha ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, mwenzake huirusha wakati wa kurudi. Asiyerusha huangalia vipimo, huzungumza na waongoza ndege na humkosoa mwenzake anapokosea.

Tofauti ni kwamba kapteni, anayekaa kiti cha kushoto, ndiye anayebeba dhamana ya ndege, wafanyakazi na abiria. Ndiye anayeamua mafuta yanatosha au hayatoshi, tunaondoka au hatuondoki.

Kwa hiyo ukapteni si zawadi ya kurusha ndege vizuri. Kurusha vizuri kunatakiwa kwa wote wawili. Kuwa kapteni ni kuanza kazi nyingine.

Saa za kuruka ni mlango tu

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, Icao, leseni ya rubani wa biashara hutolewa kuanzia umri wa miaka 18. Leseni ya juu, ambayo kapteni wa ndege kubwa za abiria lazima awe nayo, inahitaji umri wa miaka 21 na saa zisizopungua 1,500 za kuruka, zikiwamo 100 za usiku. Mashirika mengi huweka kiwango cha juu zaidi ya hapo, na hata aliyekifikia husubiri nafasi ipatikane.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini rubani anaweza kutimiza maelfu ya saa kwenye njia ileile, hali ya hewa nzuri, pembeni yake kapteni anayemmalizia kila tatizo. Saa zimejaa kitabuni, lakini maamuzi magumu hajawahi kuyafanya.

Afrika Mashariki tuna mfano unaouma. Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliyokuwa ikitoka Abidjan kwenda Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Douala, Cameroon, usiku wa manane. Watu wote 114 walifariki. Wachunguzi walieleza kuwa ndege ililala upande polepole gizani bila marubani kuangalia vipimo, hadi wakashindwa kuimudu. Walitaja pia ushirikiano hafifu kati ya marubani hao wawili. Kapteni alikuwa na saa zaidi ya 8,000. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka 23.

Mambo matatu yanayotazamwa

La kwanza ni nafasi ya akili. Mkumbuke mtu anayejifunza gari: ukimsemesha, anapotea. Dereva mzoefu anaendesha, anakusikiliza na bado anamwona mtoto anayetaka kuvuka barabara. Rubani ambaye kurusha ndege bado kunamaliza akili yake yote hana akiba ya kuongoza safari.

La pili ni kusikiliza. Machi 27, 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia kisiwani Tenerife, Hispania, zikaua watu 583. Kulikuwa na ukungu. Kapteni wa ndege ya KLM, mkufunzi wa ngazi ya juu katika shirika lake, alianza kuruka bila kibali. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani, aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Kapteni akamjibu kwa uhakika kuwa imetoka, akaendelea.

Linganisha na Januari 15, 2009, jijini New York. Ndege ya kapteni Chesley Sullenberger iligonga ndege wa porini, injini zote mbili zikapoteza nguvu. Akiwa na dakika zisizozidi nne kabla ya kugusa maji ya mto Hudson, alimuuliza msaidizi wake kama ana wazo lolote. Hakuwa nalo. Lakini aliulizwa, na wote 155 walitoka hai.

La tatu ni kusema hapana. Ndege imechelewa saa tatu. Abiria mmoja anawahi mazishi, mwingine amempakata mtoto mgonjwa, ofisi inapiga simu, na kule mnakokwenda kuna radi. Asiyeweza kuwaudhi watu hafai kiti cha kushoto. Wala hafai yule anayeahirisha kila safari kwa woga.

Wanavyopimwa

Kazi huanza kwenye jalada. Marubani wa abiria hupimwa mara mbili kwa mwaka, na maoni ya wakaguzi hubaki kwenye kumbukumbu. Wanaompima hutafuta jambo linalojirudia. Kosa moja lililorekebishwa haliwatishi. Kosa lilelile kila mwaka linawatisha.

Kisha anaingia kwenye simuleta, mashine inayofanana kabisa na chumba cha marubani. Humo injini inazima wakati ndege inakaribia kuacha ardhi. Akishaimudu, anaambiwa abiria amezidiwa. Anapoamua kwenda kutua, anaambiwa kiwanja kimefungwa. Mara nyingi hakuna jibu moja sahihi. Mkaguzi anatazama anavyokusanya taarifa, anavyomshirikisha mwenzake, anavyoamua, na kama yuko tayari kubadili uamuzi hali ikibadilika.

Akifaulu, anahamia kiti cha kushoto katika safari za kweli, lakini kulia kwake anakaa kapteni mkufunzi. Hapo ndipo penye uzito. Mkufunzi anatakiwa anyamaze, amwache mwanafunzi akosee kidogo na ajirekebishe mwenyewe, huku akijua hasa ni wakati gani kunyamaza kunakuwa hatari. Mwisho hufanyika safari ya ukaguzi, na mtu anaweka saini. Kabla ya saini hiyo kuna swali la zamani katika kazi hii: je, ningeipandisha familia yangu kwenye ndege ya huyu?

Hata baada ya hapo, imani hutolewa kwa kipimo. Marekani, kapteni wa shirika la ndege ambaye hajatimiza saa 100 za ukapteni kwenye aina hiyo ya ndege huwekewa masharti makali zaidi ya kutua hali ya hewa inapokuwa mbaya.

‘Bado’ si aibu

Wapo wanaoambiwa bado. Hurudi kiti cha kulia, hujifunza, hujaribu tena, na wengi huja kuwa makapteni wazuri. Hatari ni pale nyumbani panapoligeuza neno hilo kuwa fedheha, kijana akajifunza kuficha.

Februari 12, 2009, ndege ya shirika la Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50. Uchunguzi ulionyesha kuwa kapteni alikosea namna ya kuikabili ndege ilipopungua mwendo. Ulionyesha pia kuwa aliwahi kufeli majaribio kadhaa, na mengine mwajiri wake hakuwa ameyajua. Familia za waliofariki zilikwenda kulibana Bunge hadi sheria ikapitishwa mwaka 2010, ikiwamo ya kutunza kumbukumbu za marubani ili mwajiri azione.

Mzazi afanye nini?

Badili swali. Badala ya “lini?”, muulize, “Wiki hii umejifunza nini?” au “Ni kapteni gani unapenda anavyofanya kazi?” Utasikia mengi.

Usimwite kapteni kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hajawa. Usipange deni wala harusi kwa kutegemea mshahara wa cheo ambacho hajakipata.

Akiwa mapumzikoni, mwache alale. Siku ya mapumziko si siku ya kumtuma mjini kufuatilia hati ya kiwanja. Uchovu hupunguza umakini hata kwa rubani hodari.

Kwa mwenye watoto wadogo, kazi huanza mapema zaidi. Wengi tulilelewa tukiamini heshima ni kunyamaza mbele ya mkubwa. Angani, ukimya huo umewahi kuua. Mtoto anaweza kufundishwa kuamkia kwa adabu na bado akasema, “Baba, nadhani hapo umekosea.” Akisema hivyo mezani bila kugombezwa, siku moja atamwambia kapteni wake. Na akija kuwa kapteni, atakubali kuambiwa.

Kipimo chenyewe wala si kigeni kwa mzazi. Siku ulipomwachia kifungua mimba wadogo zake kwa mara ya kwanza ukaenda msibani, hukuhesabu miaka yake tu. Ulijiuliza kama mdogo wake akipata homa atajua la kufanya, na kama likimshinda atakupigia simu au ataona haya. Ulipoona bado, uliwapeleka wote kwa jirani, na hukumwambia mtoto kwamba amefeli.