Mtoto Si Jeraha Lake

Akina mama wenzetu, tunapotembelea makao ya watoto tukiwa na sukari, sabuni na nguo, mara nyingi macho yetu humwona yule mtoto aliyejitenga. Tunamnong'oneza mlezi: "Huyu alifanyiwa nini?" Pengine tunamwuliza mtoto mwenyewe. Twauliza kwa huruma, lakini kwa mtoto aliyepigwa au kunajisiwa swali hilo humrudisha palepale alipoumizwa. Akiulizwa na kila mgeni, mwishowe huamini kwamba hana hadithi nyingine.

Iko njia iliyo bora. Mwaka 1990 Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walieleza katika kitabu jinsi mtu anavyoweza kusaidiwa kwa kusimulia maisha yake upya. Msingi wao ni huu: mtu si tatizo, tatizo ndilo tatizo. Basi mlezi hasemi, "Wewe mwoga." Huuliza: "Hofu hukujia saa ngapi? Nini hukusaidia kuifukuza?"

Baadaye Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough walibuni "Mti wa Maisha" kwa ajili ya watoto yatima kusini mwa Afrika. Mtoto huchora mti. Mizizi ni kwao: ukoo, lugha, nyimbo. Ardhi ni maisha yake ya sasa. Shina ni yale anayoyaweza, matawi ni matumaini yake, majani ni watu awapendao, na matunda ni mema aliyotendewa. Miti yote hubandikwa ukutani, ikawa msitu. Hapo ndipo watoto huzungumza juu ya dhoruba: je, ni kosa la mti? Wanyama hujikinga vipi?

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 9 ambaye, kila baba alipokuja amelewa, alimficha mdogo wake uvunguni. Sisi tunamwona mtoto aliyeteswa. Shina la mti wake linamwonyesha dada shujaa. Akilitambua hilo, anaanza kupona.

Hatusemi uovu ufichwe. Mtoto akitueleza mwenyewe, tumwamini, tumhakikishie kwamba si kosa lake, na tutoe taarifa polisi au ustawi wa jamii. Ila asilazimishwe kurudiarudia.

Safari ijayo, mama, mwulize: "Nani alikufundisha kusuka vizuri hivi?" Kisha keti naye, umsikilize.