Kuchagua Waya wa Umeme wa Nyumba

Mwaka 1882, taa za umeme zilipokuwa bado kioja mjini London, wahandisi wa Uingereza walitunga kanuni zao za kwanza za kutandaza nyaya majumbani, na nia yao kubwa ilikuwa kukinga majengo na moto. Kanuni hizo zimesahihishwa mara nyingi tangu hapo, na leo hujulikana kwa jina la BS 7671, nazo hufuatwa na mafundi wengi wa Kenya na Tanzania. Walakini nia haikubadilika, maana kila waya upitishao umeme hupata joto, na ganda la PVC halitakiwi kupita nyuzi 70 za Selsiasi.

Aghalabu mwenye nyumba huambiwa kwamba waya wa moja na nusu ni wa taa, wa mbili na nusu ni wa soketi, basi. Kauli hiyo si batili, lakini haitoshelezi, kwa sababu unene wa waya, upimwao kwa milimita za mraba za shaba iliyomo, hauamuliwi na jina la kifaa bali na mzigo, breka, joto la mahali, na masafa.

Na tutwae mfano wa hita ya kuogea ya wati 7,000. Wati hizo zikigawanywa kwa volti 230 twapata ampea 30 na ushei, basi breka iifaayo ni ya ampea 32, kwani sharti ni kuwa breka isipungue mzigo, wala waya usipungue breka. Waya wa shaba wa milimita 4 upitao ndani ya paipu ukutani hupewa na jedwali uwezo wa ampea 32, na mtu mwenye haraka angeridhika hapo. Lakini jedwali limekadiriwa kwa hewa ya nyuzi 30, na darini chini ya bati, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, hewa yaweza kufika nyuzi 40, ambapo uwezo huzidishwa kwa 0.87, zikabaki ampea 28 pungufu kidogo. Waya huo haufai. Wa milimita 6, wenye uwezo wa ampea 41, hubakiwa na 35 na ushei, nao watosha. Illa ukitiwa katika paipu moja na nyaya za sakiti nyingine moja, hesabu yataka kuzidisha tena kwa 0.80, uwezo washuka hadi ampea 28 na nusu, na hapo hapana budi kutwaa wa milimita 10 au kuipa kila sakiti paipu yake.

Masafa nayo yana haki yake. Kanuni zaruhusu umeme upungue njiani kwa asilimia 3 katika taa na asilimia 5 katika vifaa vingine, yaani volti 6.9 na volti 11.5. Pampu ya ampea 10 iliyo kisimani, mita 60 kutoka kwenye sanduku la breka, ikipelekewa waya wa moja na nusu hupotewa na volti 17.4, wa mbili na nusu hupoteza 10.8, nao umo ndani ya mpaka. Waya wa kwanza usingeungua, lakini mota ingezunguka kwa taabu.

Lililo baya kuliko yote ni desturi ya kutoa breka ya ampea 20 ikatikayo mara kwa mara na kutia ya 32, waya ukibaki ule ule. Breka haikuwekwa kulinda friji wala pasi. Imewekwa kulinda waya uliofichwa ukutani, na aikuzaye ameuruhusu waya uungue kabla umeme haujakatika.

Dukani, soma maandishi ya gandani: unene, volti, jina la mtengenezaji, kisha tafuta alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Kwangua ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba, na majedwali ya shaba hayaihusu. Bei yake yavutia, lakini rahisi huvunja upishi.

Basi mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA kwa Tanzania Bara, au ya EPRA kwa Kenya, umtake akuandikie mzigo, breka, njia na urefu wa kila sakiti kabla hujanunua hata mita moja. Asiyeweza kuiandika hesabu hiyo asikabidhiwe nyumba.