Uvimbe wa Taya kwa Mtoto Usisubiriwe

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe za kinga ya mwili. Ni nadra duniani, lakini huwapata zaidi watoto wa maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi, yakiwemo ya Kanda ya Ziwa. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala.

Ugonjwa huu huhusishwa na virusi vya Epstein-Barr pamoja na malaria ya mara kwa mara. Mtoto mgonjwa hawaambukizi wenzake saratani hiyo, wala hakurogwa.

Dalili zake ni taya kuvimba, meno kulegea, jicho kutokeza au tumbo kujaa. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Hivyo kungoja wiki moja kwa kudhani ni jino bovu ni hatari.

Hata hivyo, saratani hii huitikia vyema tibakemikali. Watoto wengi hupona wakiwahishwa na kumaliza matibabu yote, hata kama uvimbe umetoweka mapema.

Mzazi aonaye dalili hizo anashauriwa kumfikisha mtoto zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, ili apewe rufaa.