Mwaka wa Kanisa, na Kwa Nini Pasaka Huhama

Wazazi wapendwa, nanyi watoto mlioketi karibu na radio, leo twafundisha juu ya mwaka wa Kanisa. Mwaka huo hauanzi tarehe 1 Januari. Huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, wakati ambapo kwetu Katanga mvua imekwisha kurudi na watu wako mashambani. Kwa Dominika nne twamngojea Mwokozi, na Padri huvaa zambarau, rangi ya toba. Lakini tarehe 1 Desemba, isipokuwa Dominika, mtamwona amevaa nyekundu. Ni siku ya Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Nyekundu ni damu ya mashahidi.

Noeli ni tarehe 25 Desemba, na hakuna mtoto asiyeijua. Shida yao ni Pasaka. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, mwaka 2025 tarehe 20 Aprili. Watoto hudhani Padri ndiye aichaguaye siku. Sivyo. Waambieni hivi: Bwana wetu alikufa na kufufuka wakati wa Pasaka ya Wayahudi, nao walihesabu nyakati kwa kuutazama mwezi wa mbinguni, kama walivyofanya babu zetu. Basi Kanisa huanzia tarehe 21 Machi, hungoja mwezi mpevu, na Dominika inayoufuata ndiyo Pasaka. Kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Usiku wa kukesha mtoeni mtoto nje: mawingu yakiruhusu, mara nyingi atauona mwezi umeanza kupungua, ingawa pengine huchelewa kuchomoza.

Toka Pasaka twahesabu mbele siku 50, na siku ya mwisho ni Pentekoste. Twahesabu nyuma pia, siku 40 bila Dominika, hata tufike Jumatano ya Majivu. Hiyo ndiyo Kwaresima.

Hapo lipo neno zito. Kwaresima huja mara nyingi Februari na Machi, wakati ghala nyingi ni tupu na mahindi bado mabichi shambani. Mtoto aliyelala bila bukari, tumwambie nini juu ya kufunga? Sheria ni wazi: kufunga kwawapasa waliotimiza miaka 18 hata waanzapo mwaka wa 60, kuacha nyama, waliotimiza miaka 14. Mtoto mdogo hayumo. Sisi makatekista twaona ni vibaya mzazi kumnyima mtoto chakula na kukuita huko kufunga. Mfundisheni njia nyingine: amchotee maji mjane wa jirani, aache matusi, apatane na mwenziwe waliyegombana. Na mwenye akiba ghalani, huyo Kwaresima yamwuliza kwanza: jirani yako amekula?

Nyakati zilizobaki ni za rangi ya majani, mpaka Dominika ya Kristu Mfalme, ambayo Padri huvaa nyeupe.

Mahali ambapo Padri hafiki ila mara chache, katekista atundike mlangoni mwa kanisa kitambaa cha rangi ya wakati ule, nao watoto waulizwe kila Dominika: Leo ni rangi gani? Kwa nini? Zimebaki Dominika ngapi kabla haijabadilika?