Usiangalie picha, angalia mwenendo

Wandugu, mu 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, kule Marekani, walifichua akaunti 464 za X zilizokuwa zinasifu serikali ya Rwanda: zaidi ya ujumbe 650,000, kwa musaada wa ChatGPT.

Tutazitambua namna gani? Akaunti nyingi zinarudilia maneno yale yale kwa saa moja, zinaandika muchana na usiku bila kupumzika, ukiuliza swali hazijibu.

Lakini picha kukosa si alama. Hapa Bukavu, tangu M23 iingie mu Februari 2025, mutu anaweza kuficha jina na sura juu ya usalama wake. Huyo si roboti. Mbele ya kumushitaki, soma yote aliyoandika. Na mbele ya kupartaje, ngoja kwanza.