Mwili wa Mti Hutoka Wapi?

Wengi wetu hudhani kuwa mti hula udongo. Van Helmont, tabibu wa nchi iitwayo leo Ubelgiji, alipima udongo mkavu ratili 200, akapanda humo mche wa ratili 5, akawa akiunywesha maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulifika ratili 169, na udongo ulipungua wakia 2 hivi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648. Yeye alidhani mwili wote wa mti ni maji. Sehemu ya hewa hakuijua.

Jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho, ndimo iingiamo hewa ya kaboni dayoksaidi. Mizizi huleta maji. Klorofili, iliyo rangi ya kijani, hunasa nuru ya jua, na kwa nguvu ya nuru hiyo maji hutenganishwa: oksijeni yake hutoka nje, nasi tukaivuta; haidrojeni yake huungana na ile hewa, ikawa sukari. Kwa sukari hiyo hufanyizwa wanga wa muhogo, utamu wa tende tunayofuturia, hata ubao wa mlango.

Basi mwenye kupanda mahindi chini ya mwembe, akavuna magunzi matupu, asiulaumu udongo peke yake. Mwembe ulikwisha kuinasa nuru kabla haijayafikia majani ya mhindi.