Kifaransa kilivyotoweka Rasini na kuacha majina

MASHABIKI wa raga na kriketi wameyazoea majina kama Pienaar, du Toit na de Villiers. Aghalabu wenye majina hayo huzungumza Kiafrikaans, lugha iliyochipuka kutokana na Kiholanzi katika Rasi ya Tumaini Jema. Hata hivyo, asili ya majina yenyewe ni Ufaransa. Je, yalifikaje kusini mwa Afrika, na mbona lugha iliyoyabeba haikudumu?

Kisa hiki kinaanzia mwaka 1685, Mfalme Louis wa 14 alipofutilia mbali Amri ya Nantes ambayo tangu 1598 ilikuwa imewapa Waprotestanti wa Ufaransa, yaani Wahugenoti, uhuru wa kuabudu. Maelfu yao walitoroka nchi. Baadhi walikimbilia Uholanzi, na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyotawala Rasi, ikawasafirisha wachache hadi huko na kuwapa ardhi. Kundi kubwa liliwasili mwaka 1688. Kwa jumla walikuwa takriban 200 tu, lakini kwa kuwa walowezi wa Kizungu walikuwa haba, idadi hiyo ilikuwa na uzito.

Wengi walipewa mashamba Drakenstein na katika bonde lililokuja kuitwa Franschhoek, maana yake Pembe ya Wafaransa. Hadi leo baadhi ya mashamba ya mizabibu huko yana majina ya Kifaransa, mathalani La Motte na La Provence.

Hata hivyo, Kampuni haikutaka kuona taifa dogo la Wafaransa likimea ndani ya koloni lake. Mtawala wa Rasi, Simon van der Stel, aliwatawanya wageni hao miongoni mwa Waholanzi. Walipoomba kuwa na kanisa lao wenyewe mwaka 1689, aliwakaripia vikali, ingawa baadaye waliruhusiwa kuwa nalo. Mwaka 1701 wakuu wa Kampuni waliagiza watoto wafundishwe kusoma Kiholanzi pekee. Mchungaji wao, Pierre Simond, alipoondoka mwaka 1702, mrithi wake alikuwa Mholanzi. Wazee waliendelea kuzungumza Kifaransa nyumbani, lakini wajukuu hawakukirithi. Kufikia katikati ya karne ya 18, lugha hiyo ilikuwa imekaribia kutoweka kabisa.

Majina ya ukoo yalisalia, lakini mengi yaliandikwa upya kwa kufuata sikio na kalamu ya Mholanzi. Rousseau likawa Rossouw, Villion likawa Viljoen, Jourdan likawa Jordaan, naye Pinard akawa Pienaar. Mengine, kama Joubert, Malan na le Roux, yalihifadhi sura yake. Pengine maandishi hayakubadilika ila matamshi: katika jina du Toit, sehemu ya pili Mfaransa huitamka "twa", ilhali msemaji wa Kiafrikaans huitamka "toi".

Kuhusu msamiati, mambo ni tofauti na watu wengi wanavyodhani. Kiafrikaans kina maneno mengi yenye asili ya Kifaransa: "plesier" (raha), "kantoor" (ofisi), "horlosie" (saa), "fabriek" (kiwanda), hata "pampoen" (boga). Lakini maneno haya hayakuletwa na Wahugenoti. Waholanzi walikuwa wamekwisha kuyakopa Ulaya, wakaja nayo Rasini yakiwa tayari yamevaa vazi la Kiholanzi.

Wapo pia waliodai kuwa ukanushi maradufu wa Kiafrikaans, kama katika sentensi "Ek praat nie Frans nie" (Sizungumzi Kifaransa), uliiga "ne... pas" ya Kifaransa. Wanaisimu wengi hawaikubali hoja hiyo. Baadhi huutafuta mzizi wake katika lahaja za Kiholanzi zenyewe, wengine katika usemi wa Wakhoikhoi na watumwa, ambao mchango wao katika kuiunda lugha hii ni mkubwa kuliko ule wa Wahugenoti.

Isitoshe, jina la Kihugenoti halikuwa tena alama ya kundi moja. D.F. Malan aliongoza serikali iliyoanzisha sera ya ubaguzi wa rangi mwaka 1948. Beyers Naudé, mchungaji aliyeipinga sera hiyo, alipigwa marufuku na serikali mwaka 1977. Danny Jordaan, aliyeongoza maandalizi ya Kombe la Dunia la 2010, anatoka katika jamii ya watu wa asili mchanganyiko, ambayo wengi wake huzungumza Kiafrikaans.

Jina hupokewa kwa baba bila jasho. Lugha sivyo: sharti izungumzwe na mtoto, ifunzwe shuleni na isikike kwenye ibada. Wahugenoti walipokonywa shule na mimbari, na vizazi viwili vilitosha kukizima Kifaransa chao.